Kustaafu kwa Diski Namba Tisa

Saa tatu kamili asubuhi ya Jumatatu, Mkurugenzi Dishon Obare alisimama kwenye ngazi za Kituo cha Kuhifadhi Sauti za Wazee, Tawi la Rangwe, akakohoa mara mbili, akautangazia umma kwamba tangu kituo kifunguliwe hakijapoteza sauti ya mzee hata mmoja. Umma siku hiyo ulikuwa karani Elvis, mbuzi wawili wa jirani, na Caren, ofisa mpya wa kompyuta, ambaye aliandika kila neno kwenye daftari kwa sababu hakuna aliyemwambia asiandike.

Mkurugenzi alikuwa amefika kwenye neno "kamwe" lango lilipofunguliwa. Akaingia mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua, amebeba kigoda kichwani.

Aliwaamkua wote, mbuzi wakiwemo. Akakitua kigoda katikati ya ua, akakikalia, akanyoosha leso magotini. Alipoulizwa kigoda ni cha nini, alieleza kwa upole kwamba ameshawahi kwenda ofisi za serikali.

Jina lake lilikuwa Teresa, na alitoka Kosele. Mumewe, mzee Ombewa, alikuwa mpiga mnada wa ng'ombe sokoni Ndhiwa kwa miaka thelathini, na sauti yake ilijulikana hata na ng'ombe. Miaka miwili iliyopita watu wa kituo walikwenda nyumbani kwake wakamrekodi akipiga mnada. Mwaka jana alifariki. Jumamosi hii familia ingefanya kumbukumbu ya mwaka mmoja, na Teresa alikuwa amekuja kuiomba ile sauti, wajukuu waisikie.

"Mnada wenyewe naujua," alisema. "Nimeusikia mpaka umenichosha. Lakini mwishoni kabisa, kabla kijana wenu hajazima mashine, mzee aliniitisha chai. Hiyo ya chai ndiyo naitaka."

Mkurugenzi alimhakikishia kwamba sauti ya mzee ipo, iko salama, na inatunzwa kwa viwango vya juu. Ila kwa sasa haiwezi kusikika. Ilikuwa, alisema baada ya kutafuta neno, katika hali ya mapumziko.

Elvis akamnong'oneza Caren kwamba mzee Ombewa alikuwa ndani ya diski namba tisa, na diski namba tisa ilijikuta tupu asubuhi moja ya mwaka jana, ikastaafishwa kwa heshima zote.

Caren alikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya kompyuta, na moyo ambao ulikuwa bado haujatumika sana. Alimtazama mama yule na kigoda chake, na kabla hajafikiri akasema, "Mama, Jumamosi utamsikia mzee akiitisha chai. Nakuahidi."

Mkurugenzi alishika ukingo wa ngazi. Katika kituo kile ahadi ilikuwa na utaratibu wake. Iliandaliwa rasimu, ikapelekwa kwenye kamati, ikapunguzwa makali, ikarudi ikiwa nia njema. Hakuna mtu aliyewahi kuitoa mbichi namna ile, tena mbele ya mwananchi.

"Asante, nyathina," alisema Teresa. Kwa kuwa aliitwa mtoto wake, Caren akaona jambo limekwisha kuamuliwa. Mama akabeba kigoda chake akaondoka, akisema atarudi nacho ikibidi.

Ni haki kueleza tatizo la diski za Rangwe, maana limeelezwa vibaya na watu wasioitakia serikali mema. Katika miaka miwili kituo kilikuwa kimenunua diski kumi na tisa, na zote zilipatwa na jambo moja. Diski ingefanya kazi vizuri wiki mbili au tatu, ikijaa wazee. Kisha asubuhi moja kompyuta ingewashwa na kusema kwamba haioni kitu ndani yake, wala wazee, wala orodha ya mafaili. Ingeuliza kwa adabu: diski hii inahitaji kuandaliwa upya kabla ya kutumika, je, unataka kuiandaa? Na Elvis angebonyeza Ndiyo.

"Kwa nini Ndiyo?" Caren alimuuliza.

"Msee, imeuliza vizuri," alijibu Elvis, ambaye humwita kila rafiki msee. "Na Waraka Namba Mbili unasema ofisi isiache swali lolote bila jibu."

Baada ya hapo diski ilihesabiwa kuwa imelitumikia taifa vya kutosha. Iliandaliwa sherehe ndogo ya soda na keki, ikasomewa barua ya shukrani, ikalazwa kwenye kabati lenye kitambaa cha zambarau na maandishi WASTAAFU. Baadaye Mkurugenzi aliunda kamati kuchunguza chanzo. Kamati ilikaa miezi saba na kutoa ripoti ya kurasa sitini na nne. Ilitaja unyevunyevu wa ziwa, harufu ya omena kutoka sokoni, na uzito wa sauti zenyewe, ikapendekeza kwamba kuanzia sasa warekodiwe wazee wembamba.

Caren aliisoma ripoti yote, pamoja na viambatisho, akiamini kwamba watu hawawezi kuandika kurasa sitini na nne bila kuwa na sababu. Alipofika mwisho alifunga, akaenda kutafuta waya.

Jumanne alibadilisha nyaya zote. Akachukua diski mpya, ya ishirini, akaijaza sauti za kuku wa jirani ili kama ikifa pasiwe na msiba. Akaihamishia kwenye kompyuta nyingine, akabadilisha kifaa cha kuipa umeme, akaipima joto kwa kiganja kama mama anayempima mtoto homa. Kila nusu saa aliifungua na kuwakuta kuku wote wako. Saa kumi aliomba ruhusa akaondoka nayo, akalala nayo chumbani kwake, na asubuhi kuku walikuwa wazima. Jumatano akakaa mbele yake tangu saa mbili, bila hata kwenda kunywa chai. Saa tisa kuku walikuwepo. Saa kumi walikuwepo.

Saa kumi na nusu Mkurugenzi alikuja na muhuri.

Ulikuwa muhuri wa chuma, wenye mpini wa mti uliong'aa kwa mikono ya wakubwa waliotangulia, na uzito wake ulikaribia pakiti mbili za sukari. Kwa mujibu wa Waraka Namba Nne, kila mali ilipaswa kupigwa muhuri inapoingia kituoni mara ya kwanza, na tena kila siku kazi inapofungwa. Waraka uliongeza, kwa busara, kwamba mali isipigwe muhuri ikiwa imezimwa, kwa kuwa mali iliyozimwa haiwezi kuthibitishwa kuwa ipo kazini. Ndiyo maana kompyuta za Rangwe zilikuwa wazi ubavuni, na diski zao zimetolewa nje kwa waya, zimelala mezani zikiunguruma, kama watoto waliopangwa mstari wakingoja chanjo.

Mkurugenzi aliupumulia muhuri kidogo. Akauinua mpaka usawa wa sikio. Akaushusha.

Meza iliruka. Ndani ya diski Caren alisikia sauti ndogo, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye maharagwe. Alipogeuka kutazama kioo cha kompyuta, kuku walikuwa wameondoka wote, na swali la adabu lilikuwa limeshatokea. Ilibidi aushike mkono wa Elvis.

Basi akaeleza, na alieleza vizuri, maana alikuwa ameomba kazi hii ili siku moja aeleze jambo. Ndani ya diski kuna sahani inayozunguka kwa kasi, alisema, na juu yake kuna kidole chembamba kinachosoma na kuandika bila kuigusa, kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Saa kumi na nusu kompyuta ndiyo huandika orodha ya siku, kwamba mzee fulani yuko mahali fulani. Muhuri ulikuwa ukikipiga kidole hicho kikiwa juu ya orodha, kila siku, mpaka siku orodha inapochanika. Lakini sauti zenyewe, sehemu kubwa, bado zimo. Hata Elvis akijibu Ndiyo, kinachoandikwa upya ni orodha, na diski za wastaafu hazikuwahi kuandikwa kitu kingine. Hakuna aliyezipiga tena muhuri. Kustaafu ndiko kulikoziokoa.

Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu wanne na aliwapenda wote kwa barua.

"Binti," alisema, "unataka kuniambia muhuri wa serikali unaharibu mali ya serikali?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Sasa mali ikiharibika, nani atathibitisha imeharibika, kama hakuna muhuri?"

Caren alifikiri kwa dakika nzima, na ilimsikitisha kuona kwamba swali lina mashiko.

Aliomba basi apewe kipande cha godoro, diski zilazwe juu yake. Ombi lilipokelewa, likapigwa muhuri, likajadiliwa, na Alhamisi asubuhi godoro lilinunuliwa na kukabidhiwa Elvis, ambaye kamati iliona anakaa kwa muda mrefu kuliko diski. Caren akaandika barua ya kurasa mbili kuhusu hatari ya muhuri. Ilirudi na muhuri uliofunika sentensi ambayo ndiyo ilikuwa muhimu. Kitu kimoja tu alikubaliwa bila shida. Alipoomba kuitoa diski namba tisa kabatini kwa uchunguzi, Mkurugenzi alitia sahihi bila hata kuvaa miwani, akisema mstaafu ana uhuru wa kutembea.

Kazi ya kuwatafuta wazee ndani ya diski isiyo na orodha ilikuwa ya polepole. Programu ilipaswa kupita ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayesoma daftari zima akitafuta jina moja. Ilikuwa kwenye laptopu ya Caren mwenyewe, ile ya chuoni, yenye herufi mbili zilizong'oka, na ilihitaji saa kumi na nane bila kuguswa. Ijumaa saa nane mchana aliiunganisha diski namba tisa, akailaza juu ya sweta yake, akaianzisha. Ingemaliza Jumamosi saa mbili asubuhi. Kumbukumbu ilikuwa saa nne. Alipiga simu Kosele kusema kwamba mambo yako sawa. Teresa alitaka kujua sauti imekuwa wapi muda wote huo, na Caren akamwambia habari ya orodha iliyopotea.

"Kumbe ni kama yeye na soksi," alisema Teresa. "Ziko sandukuni, mbele ya macho, na anasema nyumba hii haina soksi."

Saa nane na nusu gari jeupe liliingia uani bila taarifa. Alikuwa Bi. Mellen, Naibu Mratibu kutoka makao makuu ya kanda, Migori, amekumbatia mkoba wenye kufuli. Ndani ya mkoba mlikuwa na diski, na ndani ya diski mlikuwa na orodha ya kupandishwa vyeo na kuajiriwa kwa kanda nzima. Ilikuwa isomwe Migori kesho saa sita mchana, na isiposomwa kabla ya saa hiyo, ingengoja mpaka mwaka ujao. Nakala haikuwepo, kwa kuwa Waraka Namba Saba unasema siri ikinakiliwa huwa ni habari. Bi. Mellen alikuwa anapita kila tawi ili wakuu wahakikishe majina yao yameandikwa sawasawa.

Diski iliunganishwa na kulazwa mezani. Orodha ikatokea. Dishon Obare, kuwa Mkurugenzi wa Kanda. Aliomba asomewe mara mbili, na mara ya pili alisimama. Bi. Mellen mwenyewe alikuwa anapanda pia, lakini alijifanya hajaona. Elvis alikuwa Karani Mwandamizi. Na chini kabisa, mstari wa mwisho, palikuwa na jina la Caren, kutoka kibarua cha miezi mitatu hadi ajira ya kudumu. Alilisoma taratibu. Mamake, huko Ndhiwa, alikuwa ameshawatangazia kanisani kwamba mtoto ameajiriwa, kwa sababu hakuona haja ya kungoja karatasi.

Mkurugenzi akatoa muhuri.

"Mkubwa," alisema Caren, "naomba tuizime kwanza."

"Mali imeingia kituoni," alisema Mkurugenzi, akimtazama Bi. Mellen ili aone jinsi sheria inavyofuatwa Rangwe. "Na ipo kazini." Akaupumulia muhuri. Akaushusha. Kisha, kwa kuwa mgeni alikuwa wa heshima, akaupiga mara ya pili.

Jiwe lile la maharagwe likaumwa mara mbili. Kioo kikawa cheupe. Majina ya kanda nzima yakaondoka pamoja, wakubwa kwa wadogo, na mahali pao pakaja swali, kwa adabu ile ile. Caren alikuwa upande wa pili wa meza. Elvis alikuwa upande huu.

"Nimejibu," alisema Elvis.

Bi. Mellen alitazama kioo, akatazama muhuri, akamtazama Mkurugenzi kwa macho ya mtu anayesahihisha barua. Elvis, aliyejua kinachofuata kwa desturi, aliuliza kama alete soda.

Ndipo wote wakamgeukia Caren.

Walimpa kiti. Mkurugenzi alimwita mwanangu, jambo ambalo halikuwa kwenye waraka wowote. Alisema barua yake ya Alhamisi ilikuwa na mawazo mazuri sana, hasa ile sentensi iliyofunikwa. Alisema asimamishe hiyo diski ya mstaafu, aweke hii, na huenda hata nusu ya orodha ikapatikana kabla ya saa sita kesho. Caren alieleza kwamba programu ikikatwa huanza upya, na laptopu ni moja. Mkurugenzi akasema basi ianze upya, mzee Ombewa hana haraka.

"Jina lako pia limo," akaongeza kwa sauti ya chini. "Usijiumize."

Caren alijua limo. Alijua hata ni mstari wa ngapi.

"Nilimwahidi mama wa Kosele," alisema.

"Hiyo ahadi ina muhuri?"

"Haina, mkubwa."

"Basi si ahadi."

Caren aliitazama laptopu yake. Ilikuwa imefika asilimia nne. Alikuwa mtu wa kuamini nyaraka, na alitamani awe na mmoja wa kusomea, lakini hakuukumbuka unaohusu jambo hili. "Yenu itafuata, mkubwa," alisema. "Hii ikimaliza tu. Mko wa pili."

"Unaniweka mimi kwenye foleni?"

"Ni fupi. Kuna mtu mmoja tu mbele yenu."

Mkurugenzi aliunyoosha mkono kuelekea waya. "Obare," alisema Bi. Mellen, "usiguse kitu chochote tena maishani mwako."

Jumamosi saa nne, uwanja wa Teresa kule Kosele ulikuwa na hema, sufuria tatu za wali, na watu wengi kuliko viti. Mchungaji aliomba kwa muda wa kawaida, yaani mrefu. Kisha laptopu ikawekwa mezani, ikaunganishwa na spika ya kanisa, na mzee Ombewa akapiga mnada. Alimsifu ng'ombe mweusi mwenye pembe moja mpaka wanaume watatu wakajipapasa mifuko. Wajukuu walicheka wakaigiza. Mzee alimaliza, akakohoa. Pakawa na kimya, kuku wa miaka miwili iliyopita akapita, na sauti ile ile, bila mnada ndani yake, ikasema, "Teresa, to chai ere?"

Teresa alikuwa tayari na kikombe. Alitoka nacho jikoni, akapita katikati ya watu, akakiweka mezani mbele ya laptopu.

"Chai ndiyo hii," alisema. "Imechelewa kidogo."

Hakuna aliyecheka. Baadaye kidogo wote wakacheka, Teresa wa kwanza, akijifuta kwa leso.

Saa tano na robo gari la kituo liliegesha nje ya ua. Mkurugenzi Dishon Obare alishuka taratibu sana, akaja akitembea kama mtu aliyebeba uji moto. Mikononi alikuwa na diski ya vyeo, ameifunga ndani ya kipande cha godoro cha Elvis, ameikumbatia kifuani. Muhuri hakuwa nao. Alisema upo njiani kwenda Migori, kwenye mkoba wenye kufuli, pamoja na maelezo yake ya maandishi.

Caren aliipokea diski, akailaza juu ya sweta yake, akaianzisha. "Saa kumi na nane, mkubwa," alisema.

"Na orodha inasomwa saa sita."

"Ndiyo, mkubwa."

Simu ya Caren ikatikisika mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Elvis: makao makuu wamefunga orodha mapema, mpaka mwaka ujao, pole msee, bado nina soda. Caren aliusoma mara mbili. Alifikiria jinsi atakavyomweleza mamake, na mamake atakavyowaeleza wa kanisani. Kisha akairudisha simu mfukoni. Sauti ya mzee alikuwa ameshaihamishia kwenye spika yenyewe, na watoto walikuwa wakimvuta mkono wakitaka tena. Akawachezea tena.

Mkurugenzi alibaki amesimama katikati ya ua, hajui aende wapi. Teresa akaingia nyumbani, akatoka na kigoda, akakiweka kando ya meza.

"Kaa, mkubwa," alisema. "Hapa watu wanangoja kwa zamu, lakini wanangoja wamekaa."

Mkurugenzi wa Kanda asiyesomwa akakaa, magoti yakamfika kidevuni. Kwenye spika mzee Ombewa alimaliza mnada, akakohoa, akauliza chai iko wapi. Teresa akakichukua kile kikombe mezani, akamkabidhi Mkurugenzi kwa mikono miwili.

"Nikinywe, mama?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hapana," alisema Teresa. "Kishike tu. Si chako."